Malmal Iliyokatwa Nusu

Mjukuu wangu Abdi,

Assalamu alaykum. Mama yako mzima, mvua imenyesha, mbuzi wanazaa. Goti langu tu ndilo linanisumbua. Unauliza kama malmal kweli huongeza nguvu, maana watu wa mazoezi huko Nairobi wanainywa na maziwa. Wallahi, ngoja nikusimulie kisa.

Wakati wa vita vya shifta, serikali ikiwasaka waasi porini, hapa Balambala, nilikuwa nimemzaa mama yako, arobaini haijatimia. Mama yangu aliniletea donge la malmal, ile gundi chungu ya mti. Askari akaingia kupekua, akaliona.

"Hii ndiyo inawapa shifta nguvu ya kutembea?"

"Ni dawa ya mzazi huyu," mama akasema.

Askari akalilamba lile donge, akakunja uso. Nikajua tumekwisha. Kumbe akainama, akauliza polepole, "Inatafunwa au inachemshwa? Mke wangu naye amejifungua."

"Inachemshwa," mama akamjibu.

Akalikata donge kwa kisu, nusu akatia mfukoni, nusu akamrudishia mama. Bunduki ilikuwa bado begani.

Alitunyang'anya, au tulimpa? Mpaka leo sielewi. Ila kila nikimwombea mama yako dua, najikuta namwombea na yule mtoto nisiyemjua.

Ayeyo wako