Waliokulilia Huku Wamaza

Wamaza, tarehe 6 Oktoba

Mpendwa kaka yangu Octave,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na nafurahi kupita kiasi kusikia kuwa uko hai. Utaona mbele kwa nini nimeanza hivyo. Wifi Yvette hajambo? Watoto wanasoma? Na mguu wako wa kushoto, unaendeleaje na hizi mvua? Mimi huku ng'ambo ya mpaka ni mzima. Nimekonda kidogo, mikono imekuwa migumu, na nalala vizuri kuliko miaka yote kumi na moja niliyosuka nywele za watu Bujumbura.

Ulimtuma binamu yetu Clovis aje kunirudisha. Amefika salama, siku sita njiani, mbili za mwisho juu ya pikipiki, na matako yake bado yanalalamika. Atarudi kwako na barua hii. Mimi sirudi.

Mfanyabiashara wa dhahabu aliyepita Kasongo alikuambia kwamba watu wa huku wamenichomea shamba, ukasema wananichukia kwa kuwa ni mgeni. Kuchoma wamechoma kweli. Lakini kaa chini nikueleze, maana huyo alikuletea nusu ya habari.

Unajua kilimo nilichojifunza kwa masista, kile wanachokiita permakalcha, ambacho wewe ulikiita ugonjwa. Udongo hauachwi uchi wala hauguswi na moto. Nilichimba mashimo, nikayajaza majani, nikapanda migomba kuyazunguka, na katikati maharage, maboga na mihogo, vyote pamoja. Huku shamba huchomwa kiangazi kabla ya mvua, na shamba lisilochomwa ni aibu ya mwenyewe. Kwanza walinicheka. Halafu wakanihurumia, na huruma yao ndiyo iliyoniponza. Mume sina. Kaka wa kunishikia moto, walijua pia sina. Basi mwezi wa saba, nilipokwenda soko la Kasongo kutafuta mbegu, wanaume wa kijiji walikusanyika wakalichoma shamba langu lote, bure, kwa mapenzi tu.

Nilikuta jivu. Jirani yangu Pélagie alinipokea njiani na sahani ya simbiliki, wale panya wakubwa wa majani walionaswa wakikimbia moto, akaniambia: "Mama Cadette, usiseme tena hauna watu. Shamba yako sasa iko safi."

Nililia mpaka nikakaa chini. Wao wakadhani nalia kwa shukrani, wakapiga makofi. Nilikula ile nyama.

Kesho yake nikaanza upya. Ndani ya mashimo majani yalikuwa bado mabichi, na migomba saba ikachipua. Nikawaita waje waone. Kapita wetu, mkuu wa kijiji, mzee Ramazani, alitia mkono shimoni, akautoa umelowa. Msimu huu watu wawili wameacha kuchoma. Wengine bado wananicheka, na waendelee.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizunguka tangu juu ya karatasi.

Nilipokuja kuomba ardhi mwaka juzi, mzee Ramazani aliniuliza nani yuko nyuma yangu, mwanamume gani ataitwa siku nikikosana na watu. Nilimjibu kuwa nilikuwa na kaka mmoja tu, na amekufa. Kaka, walikulilia. Wanawake walitandika mikeka siku mbili, wakapika sombe, mboga ya majani ya mihogo, wakaimba nyimbo za msiba kwa Kibangubangu kwa ajili ya mtu wasiyemjua hata sura. Ulililiwa vizuri. Ndipo wakanipa ardhi.

Sasa fikiria Jumapili ile Clovis alipotelemka kwenye pikipiki, katikati ya watu wanaotoka misa, akatangaza kuwa ametumwa na Octave, kaka yangu. Mzee Ramazani, aliyekuwa anapita, akaniuliza polepole: "Mama, huyu Octave ni yule tulimulilia?"

Nikasema ndiyo, ni yule. Pélagie aliniangalia, akakaza kitenge chake, akaenda zake. Leo ni siku ya tisa hasemi na mimi, na hilo linaniuma kuliko moto.

Kapita amekata shauri hivi: ardhi ilitolewa juu ya machozi, na machozi yalitokana na uongo. Kabla ya Noeli uje mwenyewe, wakuone kwa macho, useme mbele yao kama unasimama nyuma yangu. Usipokuja, shamba linarudi kijijini, na migomba yangu saba pamoja nalo.

Utaniuliza nilipata wapi moyo wa kukuzika. Nilipata kwako. Asubuhi ile nilipofunga saluni, ulisimama mlangoni mbele ya wateja wangu, ukasema: "Ukivuka mpaka kwa ajili ya kulima, uhesabu mimi nimekufa." Nilivuka. Nikahesabu. Kwako siombi msamaha, naomba kwa wale waliolia. Na ujue kwamba siku zile mbili mkekani sikuigiza. Nililia kweli.

Kwa hiyo usinitumie mtu tena. Saluni ifungue, funguo mpe wifi Yvette, ana mkono wa kusuka kunishinda. Njoo wewe. Usije na gari la kunirudisha, njoo na jembe, na kitenge kizuri kwa Pélagie. Umshukuru mwenyewe kwa machozi yake. Mimi hataki kunisikia, labda marehemu atamsikia.

Wabusu watoto, mwambie wifi namkumbuka sana, na usimlaumu Clovis. Alijitahidi, na mashimo mawili ya mwisho kachimba yeye. Mungu akulinde uendelee kuishi, angalau mpaka Noeli.

Ni mimi mdogo wako, niliyekulilia na bado sirudi,

Cadette