Maji Mekundu ya Kidato cha Pili

Nyumba za Walimu,
Mlango wa mwisho.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hali yako huko? Kifua kinasemaje na hiyo baridi? Na mgongo, unakuachia ulale? Sisi huku hatujambo. Mkaza mjomba ni mzima, analalamika tu kwamba nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mama naye mzima, ila anakuulizia kila siku kana kwamba mimi ndiye niliyekuficha.

Mjomba, nisizunguke mbuyu. Nimeliona kopo.

Jumatano mkaza mjomba alinituma nitoe buti zako za mvua chini ya kitanda, tumpe dereva wa lori akuletee. Buti la kushoto lilikuwa zito. Nikaingiza mkono, nikatoa kopo la rangi ya nguo limezungushiwa gazeti, na ubavuni kuna mwandiko wangu mwenyewe: KIDATO CHA PILI. Unajua nilivyo, hata ufagio wa darasa nimeuandika. Nikakaa sakafuni. Mkaza mjomba akaniuliza kama nimeona panya. Nikasema ndiyo.

Kumbe maji yalipokuwa mekundu ulikifuata kijito kwa miguu yako mpaka juu, ukaliokota pale nilipolitupa. Kumbe ulijua ni mimi, ukanificha.

Hata hivyo acha nikueleze kwa mdomo wangu. Nilikuwa nafundisha bonde la mto. Nilieleza vizuri sana: mvua ikinyesha vilimani, maji mengine jua huyarudisha hewani, mengine huzama ardhini, mengine huteremka, kijito kikaingia kijito kingine, mpaka yote ya upande wetu yanapita njia moja. Nikachora mshale ubaoni hadi kwenye mtambo wa maji wa mji. Wanafunzi wakapiga miayo. Nikaona heri niwaonyeshe. Nikawapeleka kwenye kijito juu ya shule, nikamwaga kopo zima la rangi nyekundu, wakashangilia, nami nikavimba kichwa. Mshale niliuchora mwenyewe, Mjomba, na haikunijia hata kidogo kwamba kwenye ncha yake umekaa wewe, msimamizi wa lango la maji, na kikombe chako cha chai.

Ulipoyaona mekundu ukafunga lango. Nani asingefunga? Maabara wakasema hayana sumu, wakubwa wakakuamuru ufungue, ukafungua. Kisha mvua ikanyesha, wekundu ukarudi, ukafunga tena bila kumuuliza mtu. Wakasema umekaidi amri, umezeeka, unaona damu kila mahali. Wakakuhamisha na kustaafu kumekaribia.

Mimi nilijua kwa nini wekundu ulirudi. Rangi ilikuwa imezama kwenye mchanga wa kingo, na maji yaliyozama hayana haraka. Hujificha humo, kisha mvua mpya huyasukuma yakatokea tena kijitoni. Hilo lilikuwa somo la wiki iliyofuata. Nililifundisha bila kupepesa macho.

Mabomba yalipokauka nilipanga foleni ya kisimani na ndoo yangu kama wenzangu. Kinyozi akaanza kukuita Bwana Damu, watu wakavunjika mbavu. Nilicheka nao, Mjomba. Hilo linaniuma kuliko rangi yenyewe.

Nilinyamaza kwa sababu ajira yangu ilikuwa haijathibitishwa. Nikajiambia, ikithibitishwa tu nitasema. Ikathibitishwa. Ukaja na soda, ukanipongeza mbele ya walimu wote, na wakati huo barua ya uhamisho unayo mfukoni. Nikanywa soda yako.

Juzi nilikwenda kwa meneja wa maji na kopo mkononi. Akalitazama, akanitazama.

"Mwalimu, ina maana ni wewe uliyetukausha?"

"Ni mimi."

Akaniambia nikarudie maneno hayo mbele ya mkuu wa shule, nikarudia. Jalada lako litafunguliwa upya, zaidi ya hapo hakuahidi kitu. Langu nalo limefunguliwa. Nilipomweleza mkaza mjomba, aliinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Jioni akaniletea chakula kama kawaida. Nilishindwa kumtazama usoni.

Fundi baiskeli wa pale kona anakusalimu, anasema tangu uondoke hajapata mtu wa kubishana naye. Mama anakusalimu. Bado sijamwambia, nitamwambia leo baada ya kufunga bahasha hii. Mkaza mjomba anasema vaa soksi mbili.

Sasa nina ombi moja. Meneja atakuandikia akuulize kama unalijua lile kopo. Nakujua, Mjomba. Utamjibu kwamba hulijui, kwamba mtoto huyu anajisingizia kwa kukuhurumia, na wao watakuamini kwa sababu ndivyo watakavyo. Utabaki huko na kifua chako, nami nitabaki na kazi. Nakupigia magoti, usinifanyie hivyo. Sema uliliokota wapi. Kisha urudi, unigombeze mpaka majirani watoke nje. Makaripio yako nitayaweza, lakini wema wako umenishinda kuubeba.

Mungu akupe afya, akufupishie njia ya kurudi nyumbani.

Wako akupendaye, na anayekuonea haya,

Mpwa wako, Mwalimu