Mwalimu, Nyumba Yako Imesimama

Mwalimu Oduor,

Ni mimi Mwita, yule Mkuria uliyempokea Kendu Bay baada ya shule mbili kumfukuza. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikutafuta karani. Makosa utayavumilia. Ulinifundisha miaka mitatu tu kabla sijaamua kwamba nimeshajua yote.

Habari ya kwanza: umezikwa nyumbani, ndani ya ua, mkono wa kulia wa nyumba yako. Najua hukuwa na nyumba. Sasa unayo. Acha nikueleze mimi kabla mtu mwingine hajafika huko akakueleza nusu.

Ulitoka hospitali ya Homa Bay kwa lori langu. Niliendesha polepole, mimi ninayejulikana kutoka Isebania mpaka Kampala kwa kutojua breki iko wapi. Tulipofika kwenye boma la marehemu baba yako, wazee wakasimama langoni. Mwanaume mzima asiye na nyumba, wakasema, hapitishwi lango akiwa maiti. Atalala wapi wakati watu wanamlilia? Azikwe nje ya ua, na iwe leo, jua ni kali.

Nje ya ua, Mwalimu. Kama mpita njia.

Ouko alikuwepo, yule aliyechoma jiko la shule. Siku hizi anaunda mashua na ana tumbo. Aloice naye alikuwepo, mwizi wetu wa kuku. Huyo sasa ni shemasi, usicheke. Nikawaambia wazee, "Nipeni mpaka jua litue. Mimi nimejenga Musoma, nimejenga Jinja, nyumba haiwezi kunishinda." Uongo mtupu. Jinja nilibeba maji ya zege.

Tukakuweka kivulini kando ya lango, shangazi zako wakakaa nawe. Nikakimbiza lori kuleta miti. Vijana wakakata nyasi, wanawake wakakanyaga udongo. Saa saba nguzo zote zilikuwa zimesimama na mimi nilikuwa nimeshaanza kujisifu.

Ndipo akaja kaka yako Okumu, aliyekuwa ameenda kuwaita watu wa kwa mama yenu. Akaangalia nguzo. Akaniangalia mimi.

"Nani amemjengea mdogo wangu mahali pangu?"

Kumbe kwenu kila mtoto wa kiume ana upande wake wa lango. Kifungua mimba hapa, wa pili kule. Okumu alishahama zamani akaanzisha boma lake, upande wake ukabaki wazi, nami nikaona uwanja mzuri nikachimba. Nikamgeukia Ouko: wewe Mjaluo, ulikuwa unatazama nini? Akasema siku zote alidhani wewe, Mwalimu, ndiwe mkubwa, jinsi ulivyokuwa ukiamrisha watu.

Okumu hakucheka. "Maiti akilazwa mahali pangu, anayefuata kufa ni mimi; mnataka nimfuate? Ng'oeni. Sasa basi, azikwe nje, tumalize."

Unanijua. Neno halinipungukii. Uliwahi kusema mbele ya darasa zima, "Mwita, ulimi wako umemaliza la nane, wewe bado uko la nne." Lakini pale langoni nilitafuta maneno, sikuyapata. Nikavua kofia. Nikamwambia kweli, kwa sababu ndiyo iliyobaki.

Nikasema, Jaduong', mzee wangu, huyu hakukataa kujenga. Kila mwaka shule ikifungwa, walimu wenzake walikwenda makwao kusimamisha nyumba. Yeye alibaki na sisi watatu tusiotakiwa kwetu. Alitupikia uji, ukaungua kila asubuhi. Mimi alinifundisha kusoma kwa gazeti lililofungiwa chumvi. Kila Desemba alisema mwaka huu najenga, na kila Desemba sisi bado tulikuwa pale. Nyumba yake tuliila sisi. Ukimweka nje, tuweke na sisi.

Aloice akaanza kulia, shemasi mzima. Mimi nilipaliwa na vumbi tu.

 Okumu akachukua jembe mkononi mwangu, akaenda upande wa pili wa lango, akapima kwa hatua, akachimba shimo la kwanza yeye mwenyewe. "Hapa," akasema. "Na wewe mjenzi wa Jinja, leta mti."

Mwalimu, sijawahi kuona watu wakijenga hivyo. Hata wale wazee wa langoni walifunga fito. Jua lilipogusa ziwa, nyasi za mwisho zilikuwa juu na udongo bado unachuruzika maji. Tukakubeba sisi watatu pamoja na Okumu, tukapita katikati ya lango, hakuna aliyetuzuia. Mlango umepinda kidogo. Ouko anajenga kila kitu kama mashua.

Mengine ni machache. Darasa lako amepewa kijana aliyetoka chuoni juzi, anavaa tai hata siku ya kulima. Nilimwona amemketisha mtundu mmoja karibu na meza yake, nikamwacha, labda atafaa.

Mimi nimelala ndani ya lori miaka saba nikiwaambia watu dunia ndiyo nyumba yangu. Siku hizi utani huo haunichekeshi. Unakumbuka niliuza ng'ombe wawili wa baba bila yeye kujua, akaapa nisikanyage kwake. Wiki jana nilimtuma mteja wangu mmoja wa mahindi, mtu wa Isebania, akamuulize kama kuna mahali naweza kusimamisha nguzo ya nyumba yangu. Jibu limekuja: "Aje. Asije na maneno mengi."

Nitaenda, Mwalimu. Nakuahidi. Nitaenda kwa miguu kutoka barabarani, bila kupiga honi, na atakachosema nitakisikiliza mpaka mwisho.

Jana mvua kubwa ilinyesha. Nikapita kwako, nikaingia, nikasimama katikati nikaangalia juu. Haivuji. Pumzika, Japuonj, mwalimu wangu.

Wako mtundu,
Mwita