Nilipowapeleka Gatini Ng'ombe wa Mayu Kabula

Jumamosi. Jua la Bariadi leo halina adabu, limeingia hadi chini ya meza ya kompyuta. Na moyo wangu haujatulia.

Kwa mgeni wa ukurasa huu niseme mapema: mimi ndiye Kiswahili cha ule mchezo wa kompyuta wa kijiji, ule wa kulima, kufuga na kujenga. Watu wa nchi sijui ngapi wanautengeneza bila malipo, kila mmoja akiwa kwake, na yeyote anaruhusiwa kuufungua ndani na kuurekebisha. Maneno yote ya Kiswahili mnayoyasoma humo yametoka kwenye vidole hivi. Kidato cha pili sikukimaliza, chenyewe ndicho kilichonimaliza. Lakini nimekuwa utingo wa malori ya pamba kutoka Maswa hadi bandarini Dar, nimelala Lusaka, nimebishana na wazungu wawili kwa lugha yao na mmoja akakubali kosa. Dunia naijua.

Ndiyo maana zile paneli nilizishuku.

Tangu mwanzo madirisha ya mchezo yalikuwa yanaelea. La ng'ombe hapa, la mazao pale, la ramani limeyalalia yote, nawe unayasukuma kwa mausi. Sasa jamaa mmoja wa mbali, anayeandika kwa herufi ndogo tupu, akaleta paneli. Unabonyeza kitufe, dirisha linakwenda kujibana ukingoni mwa kioo na kukaa hapo bila kumfunika mwenzake. Akaomba ziingie kwenye toleo jipya.

Wote walisifu. Mimi nikanusa.

Watu wa huku, tangu tuambiwe soko ni huria, tumeona vitu vizuri vingi vikishuka kwenye magari. Wanunuzi wapya wa pamba walipokuja na mizani inayong'aa, marehemu baba aliizunguka kwanza kama anakagua ng'ombe wa mahari, ndipo akaweka furushi lake. Mimi nimerithi kuzunguka huko. Kitu cha bure kinachozidi kupendeza kila mwezi nakitazama mara mbili. Na dirisha linalojipeleka lenyewe? Leo limejibana pembeni, kesho litajibana wapi?

Nikazitafsiri huku nimekunja uso.

Mayu Kabula, yaani mama kwa Kisukuma chetu, ni muuguzi mstaafu wa mtaani kwetu. Mwaka jana alipata kiharusi, mkono wa kulia ukawa mzito, akaambiwa asiuache ulale. Kwa hiyo kila asubuhi anakuja kwenye duka langu la kompyuta za kukodi kucheza. Simtozi. Mashine ya karibu na mlango ni yake, na anayeikalia namhamisha hata akiwa mwenyekiti wa kitongoji. Humo mchezoni ana ng'ombe arobaini na wote amewapa majina. Ila kusukuma yale madirisha kulikuwa kunamtoa jasho. Mkono unatetemeka, dirisha linakimbia.

Jumatano nilimwekea toleo la majaribio. Akabonyeza kitufe kipya, na dirisha la ng'ombe likatoka katikati ya kioo. Akachukua mkoba wake.

"Umeniuzia ng'ombe wangu," akasema, akaondoka.

Alhamisi hakuja. Ijumaa hakuja. Kiti chake kikakaa kitupu, na mimi nikijua mkono ule umelala huko nyumbani.

Nikasema, haya, ushahidi ndio huu. Nikawaandikia wenzangu wote kwamba paneli zinakula mali za watu, kwamba huyu wa herufi ndogo ameficha jambo, na kwamba napinga. Kwa utaratibu wetu pingamizi la mtu mmoja linasimamisha kazi nzima. Jamaa akanijibu: asante, naomba unionyeshe ilitokeaje ili nirekebishe.

Upole huo nao nikaushuku.

Leo asubuhi nikachukua baiskeli hadi kwa Mayu. Nilimkuta uani, mkono wake umelala mapajani kama kitu cha kuazima.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Umekuja na ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe wapo. Kuna mzungu anachezea madirisha."

"Mzungu mimi sijamwona, baba. Nimeona pameandikwa Ng'ombe, na chini yake, Peleka Gatini. Kwa Kiswahili. Anayeandika Kiswahili humo ni nani?"

Nikavitazama vidole vyangu.

Kile kitufe kwa Kiingereza kina neno la meli inapokuja kufungwa gatini. Neno hilo nalijua vizuri kuliko wasomi, nimelisoma ukutani bandarini nikiwa nimekaa juu ya marobota ya pamba. Nililitafsiri kwa kujivuna. Haikunijia kabisa kwamba kwa mtu wa Bariadi, ng'ombe aliyepelekwa gatini ameshauzwa, anapakiwa melini na harudi.

"Nikiandika Funga nayo haifai," nikamwambia. "Funga tayari ni ya kulifuta dirisha lote."

Akainua ule mkono mzito, akaonyesha baiskeli yangu.

"Hiyo umeifanyaje?"

"Nimeiegesha ukutani."

"Ukitoka hapa?"

"Naikuta."

"Basi si ndiyo hiyo."

Tulirudi dukani pamoja, yeye nyuma ya baiskeli akilalamikia mashimo. Nikabadilisha neno. Akabonyeza Egesha mwenyewe: ng'ombe kushoto, mazao kulia, katikati kijiji kiko wazi, hakuna cha kusukuma. Akawahesabu kwa majina, wote arobaini. Akacheza hadi adhana ya mchana, na sikumwona akiupumzisha ule mkono mzito hata mara moja.

"Huyu wa herufi ndogo anafikiria watu," akasema. Kisha akanitazama. "Na ile barua uliyomwandikia, hiyo umeiegesha wapi?"

Kumbe nilikuwa nimemsimulia. Mdomo huu.

Mayu amekwenda kula. Nimeandika barua nyingine, kwa watu walewale wote, nikafuta mara tatu kila nilipoanza kujieleza nilivyo mjuzi wa bandari. Iliyobaki ni mistari miwili. Naondoa pingamizi, paneli ziingie. Kosa lilikuwa kwenye Kiswahili, na Kiswahili ni mimi.

Nimeituma. Sasa nimekaa natazama kisanduku cha barua. Akinijibu kwa upole tena, sijui nitamshuku nani.