Mfumo Unataka Mume

Jumatatu, 3 Machi
Mwanangu Mwita amemimina uji wake wote kwenye gambuti la Mama Ghati. Kisha akachungulia ndani kama anatafuta samaki. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Nimelisafisha, harufu imebaki.

Kile kivimbe chake cha ngiri kimetoka tena. Nikakirudisha polepole kama daktari alivyonionyesha. Kasema mtoto apasuliwe kabla hakijanasa. Bima ya kazini italipa. Sina wasiwasi.

Ghalani tumeanza mfumo mpya. Zamani mteja anaandikiwa karatasi, mhasibu anahangaika nazo jioni. Sasa napiga kimashine cha kusoma lebo kwenye mfuko wa sukari, hesabu ya stoo inapungua yenyewe, risiti inatoka, na ofisi kuu Mwanza wanaona hapo hapo. Niliishia kidato cha pili, lakini mikono imeelewa. Dada Rehema, aliyetumwa kutufundisha, kanisifu. Nimerudi nyumbani naimba.

Jumanne, 4 Machi
Hasira.

Hospitali wanasema kadi ya Mwita haisomi. Wafanyakazi wote tumehamishiwa kwenye mfumo, na bima humo humo. Haumpokei mtoto mpaka kwanza umpokee mume. Nikamwambia Rehema aandike Ghati. Akaandika. Ikatoka nyekundu. Mume hawezi kuwa mwanamke.

Nikamweleza taratibu. Mama Ghati alifiwa na mume wake, Nyamhanga, bila mtoto wa kiume. Akatoa ng'ombe kwa baba yangu kule Gorong'a, akanioa mimi. Kwetu Wakurya tunaiita nyumba ntobhu. Watoto ninaozaa ni wa nyumba yake, wanaitwa Nyamhanga. Rehema hakucheka, namshukuru kwa hilo. Alisema tu hajawahi kusikia, na kwenye mfumo hakuna pa kuliweka.

Lakini Bwana Marwa, mhasibu wetu. Mkurya kama mimi. Shangazi yake wa Nyamwaga kaoa vivyo hivyo. Alikuwa pale, anachokonoa meno, anasikia kila neno. Hakufungua mdomo. Kaona aibu mbele ya mgeni. Namchukia.

Alhamisi, 6 Machi
Marwa kasema niandike jina la aliyemzaa, yaishe.

Yaishe kwa nani? Chacha anakuja na kuondoka, ndivyo tulivyokubaliana tangu mwanzo. Hakutoa ng'ombe hata mmoja. Jina lake likikaa kwenye kadi, kesho atasimama nalo kwa mwenyekiti wa kijiji adai mtoto. Nimekataa.

Mwita kalia sana leo. Kivimbe kilikuwa kigumu kurudi. Nimekataa, na anayeumia ni yeye. Mimi ni mama wa namna gani? Sijui.

Ijumaa, 7 Machi
Marwa kaandika. Hakuniuliza.

Nimepata habari kwa Chacha mwenyewe. Kaja getini na pikipiki, kanishikia simu usoni. Mfumo umemtumia meseji, unamkaribisha kama mwenzi wa mfanyakazi. "Mke wangu, kumbe tulishafunga ndoa. Hata pilau sikuambulia." Wapakiaji wakaangua kicheko. Kisha akainama, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto akishapona atamchukua, akakae Sirari kwa dada yake.

Kadi imetoka. Mwita Chacha. Ningeweza kwenda nayo hospitali leo hii. Nimeiacha juu ya meza ya Marwa. Nilitaka kumrushia kimashine kichwani. Nimejizuia kwa sababu kazi naitaka.

Jumatatu, 10 Machi
Jana baada ya ibada nilimweleza Mama Ghati. Akaendelea kuchambua mboga. Nikadhani amekata tamaa.

Leo kaja ghalani, na gambuti lake linalonuka uji. Shikamoo kila upande. Akauliza huyo mfumo yuko wapi, waongee. Rehema akamwonyesha kompyuta. Mama akaitazama. "Mimi nilitoa ng'ombe. Huyu Chacha alitoa nini?"

Kisha akamgeukia Marwa. "Mwanangu, siku shangazi yako anaoa, nani aliswaga ng'ombe?"

Marwa akasema, "Ni mimi, Mama."

"Basi mwambie mgeni."

Akamwambia. Yote, macho sakafuni. Bado nimemkasirikia. Maneno hayo hayo alikuwa nayo Jumanne.

Rehema akapiga simu Mwanza, wakabishana sana. Mwisho wameongeza nafasi mpya: mkuu wa kaya. Hapo haiulizi mwanamume au mwanamke. Jina la Ghati likakubaliwa. Mama aliposikia, akauliza kama sasa anaweza kukaa. Hakuna aliyekuwa amempa kiti. Hata mimi. Nimeona haya.

Nikataka jina la Chacha lifutwe. Rehema kasema mfumo haufuti. Ni kama sukari iliyorudishwa: mstari wa kuirudisha unakaa chini ya mstari wa kuiuza, yote miwili inabaki. Kadi haitamtambua tena, lakini yumo. Huko ndani kabisa. Inanichoma.

Jumatano, 12 Machi
Benchi la hospitali. Mvua imeshika. Mwita kanilalia mapajani, hajala tangu alipoamka, haelewi kwa nini leo namnyima uji. Kapangusa machozi kwa pindo la kitenge changu, kasinzia.

Mama Ghati alikuwa ameshika kadi mpya kwa mikono miwili. Hajui kusoma. Kila mara aliniuliza imeandikwaje, nikamsomea, akauliza tena. Nesi kaichukua kwenda nayo dirishani. Hawajasema kama inasoma.

Hasira imepungua, imebaki kama moto wa jana. Mtoto akipona nitamwomba Rehema anifundishe sehemu ile ya kusajili watu, maana atakuja msichana mwingine kama mimi, na anayekaa mbele ya ile kompyuta awe mtu anayejua kwamba... Wanaita. Mwita Nyamhanga, wamesema, Nyamhanga, na Mama ameshasimama kabla hata sija...