Gaju Bado Yuko Nje

Nyamitaba, tarehe 14 Oktoba 2024

Mpendwa shemeji Valens,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mwili wako unaendeleaje huko Omate? Kile kikohozi cha vumbi la shimo la madini kimekuacha? Sisi tungali hai, ingawa tumechoka. Mvua haikatiki, na ng'ombe wawili waliobaki wanatoa maziwa kidogo tu.

Tangu tumzike kaka yako Manassé, kukamua ni kazi yangu. Unajua kwetu Kibua tulilima mihogo. Hata sasa ng'ombe wananitazama kama mgeni.

Kinachonilemea zaidi ni mtoto wetu Isimbi. Tangu mazishi haongei, anajibu kwa kichwa tu. Unakumbuka ile hadithi aliyomtungia baba yake, ya ndama Gaju aliyezaliwa njiani watu wakikimbia vita? Kila jioni Gaju alikua kidogo: akajifunza kula majani ya miiba, kulala amesimama, kunyamaza akisikia risasi. Manassé ametuacha Gaju akiwa bado porini, peke yake.

Juzi, nikikamua, nilijaribu kuiendeleza. Nikasema mama mmoja mwema alimwonyesha Gaju chumvi mkononi, naye akamfuata mbio hadi zizini. Nilitaka mtoto apate kitu kitamu.

Isimbi akafungua kinywa. "Ile haiko Gaju. Ndama yenye ilikomalia mu vita haiwezi kufwata muntu mwenye haijue sauti yake. Mama, weye njo mulimaji kabisa."

Nilicheka huku nalia. Alisema kweli: mimi mkulima sikujua kwamba taabu iliyomlea Gaju ilimfundisha kuogopa hata mkono wenye chumvi. Basi nikairudia. Yule mama akaweka chumvi juu ya jiwe, akaenda kukaa mbali, akiimba polepole. Gaju akalamba, lakini akabaki nje, mvua ikimnyeshea.

Isimbi akafikiri sana, kisha akauliza, "Kesho itaingia?"

Nikamwambia sijui. Shemeji, tangu mazishi hakuwa ameuliza habari ya kesho.

Wewe ulichunga na Manassé tangu utoto. Ule wimbo mliokuwa mkiwaitia ndama, niimbie kwa simu ukipata mtandao. Mimi siujui, na mtoto atajua nikidanganya.

Mama mkwe Verdiane anakusalimu, na jirani yetu Adelaïde pia. Msalimie mwenzako Jérémie. Mungu awe nanyi mnaposhuka shimoni na mnapopanda.

Mimi shemeji yako nikupendaye,
Umurerwa