Kwa Mtani Aliyenificha Woga Wake

Eliakimu, Mpare wewe,

Sikusalimii. Hata ungekuwa hai leo nisingekusalimia, kwa hasira niliyo nayo. Umekufa Februari, ardhi ya Toronto imeganda ngumu kama kichwa chako, ikabidi walete mashine kukuchimbia. Mpare mzima, hata kuzikwa lazima usumbue watu!

Ngoja nikupe habari. Siku ya mazishi niliifanya kazi yangu. Nani mwingine angeifanya? Mtaa wetu wote huu wa Flemingdon Park, Mchagga wa kukutania ni mimi peke yangu, na kule kwetu mtani asipofanya vituko msibani watu wanauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Basi nikaomba kofia yako kwa mkeo, Mama Joeli, ile ya manyoya yenye masikio kama ya mbuzi, nikaivaa. Nikasimama mbele ya jeneza na Biblia mkononi, nikakuigiza ulivyokuwa ukihubiri kwenye basi la kwenda Eglinton. Nikayumba kama dereva amekata kona. "Mabibi na mabwana, samahani kwa usumbufu, Yesu anawapenda, na mimi nashuka kituo kijacho!" Kisha nikakugeukia: "Haya, umeshuka. Sasa huko uliko usimfungulie Petro kesi ya mpaka wa shamba!" Maana ninyi Wapare mnapenda kesi kuliko chakula.

Wazee wetu wachache walicheka huku machozi yanawatoka. Mama Joeli alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Lakini mwanao Joeli, bwana mkubwa na tai yake, akanishika kiwiko. "Anko, plizi. Plizi, Anko." Akanitoa nje kama mlevi. Mchungaji naye akanitazama kana kwamba nimetema mate kwenye kikombe cha ushirika. Sawa. Hiyo hasira ni ndogo, nitaimeza na chai.

Ya pili ndiyo inayonila.

Pale nje mlangoni alisimama Manueli, yule Mreno uliyekuwa ukipanga naye mikate kiwandani. Amekonda. Moyo wake mbovu, wanataka kumpasua. Akaniuliza, kwa Kiingereza kilichovunjika kama changu: "Mzee, rafiki yako yumo sandukuni na wewe unacheka. Huogopi kufa? Ninyi wawili mnajua nini nisichokijua mimi?"

Eliakimu! Mlango wa kumwambia habari za Yesu ulikuwa wazi kama zizi lisilo na ng'ombe. Mtoto wa shule ya Jumapili angepita. Unajua nilijibu nini? "Ni mila tu. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

Mila tu! Nikavuta zipu ya koti, nikaitazama theluji kama sijapata kuiona. Manueli akasema, "Aa," akaenda zake.

Nilisema uongo. Nilicheka kwa sababu naamini tutaonana. Nisingeamini, ningeling'ata lile jeneza. Lakini unanijua. Kanisani, kwenye ushuhuda, mimi ndiye wa kwanza kusimama, "Bwana asifiwe!" mpaka madirisha yanatikisika, maana pale wote wameshaamini na hakuna wa kunicheka. Kwenye basi je? Ulipoinuka tu, mimi nilikimbilia kiti cha nyuma, nikajifanya sikujui. Wakikuambia, "Kaa chini, babu," mimi nasoma tangazo la dawa ya meno. Miaka yote ile.

Wiki iliyopita nikaenda kurudisha kofia. Nikamwambia mkeo: "Mama Joeli, mume wako alikuwa simba, mimi ni kuku." Akaniangalia kwa huruma, jambo nisilolipenda.

"Shemeji," akasema, "simba gani? Kila asubuhi alisimama hapo, viatu amevaa, ameshika kitasa. 'Mama Joeli, niombee, leo sitaweza.' Siku nyingine alirudi chooni kutapika kwanza."

Mwongo mkubwa wewe! Nilidhani Mungu alikupa ngozi ya kifaru, mimi akanipa ya panzi, basi nikatulia na ngozi yangu. Uliniachia kisingizio hicho nikakilalia kama godoro. Ungeniambia mara moja tu, "Mchagga, naogopa," ningehamia kiti cha mbele. Si kuhubiri. Kukaa tu karibu, wakikuzomea wanizomee na mimi. Kwa nini hukuniambia? Ulidhani nitakutania? Ningekutania, ndiyo. Lakini ningekuja.

Nikatoka pale kwa Mama Joeli na hasira ile ile, sikutaka ipoe, nikavuka mpaka ghorofa analokaa Manueli. Lifti mbovu. Nikapanda ngazi nikikutukana kila ghorofa. Akafungua mlango amevaa fulana. Nikamwambia kabla hata ya salamu: "Nilikudanganya siku ile. Si mila tu. Nilicheka kwa sababu Yesu alitoka kaburini, na yule Mpare naye atatoka, tena akibishana. Niliogopa kukuambia, usije ukaniona mshamba."

Akaniuliza: "Na sasa huogopi?"

"Naogopa."

Akanisogezea kiti kwa mguu. "Mimi pia. Kaa. Anza mwanzo, polepole."

Hakuokoka, usianze kupiga makofi huko. Alibisha kila neno, ungedhani bibi yake alizaliwa Usangi, kwenu Upareni. Ila nilipoaga akaniomba kitu kimoja: Alhamisi, wakimsukuma kwenda kupasuliwa, niwe pembeni ya kitanda, nimrudie yale yale kwa sauti, madaktari wakiwepo wasiwepo. Hataki kwenda na maneno ya kunong'onezwa.

Kwa sauti, Eliakimu. Mbele ya watu waliosoma, na Kiingereza changu hiki cha darasa la nne!

Nimemwahidi, na sasa nakuahidi na wewe. Nitakwenda na nitasema. Atatoka mzima au hatatoka, hilo sijui, lakini hataingia mle bila kuambiwa.

Haya, kwaheri, Mpare. Lala. Hasira yangu haijaisha na sina haraka nayo. Nitakuja nayo huko, na nitaanza kuongea mimi.

Mchagga wako